Operation Stack: rundo ambalo si rundo



Najua nimepotea majuma matatu hivi. Sababu ni foleni, na si ya Thika Road safari hii. Ni foleni ya ujumbe ndani ya programu tunayoitunza kazini, ambayo ilijaa usiku mmoja ikatunyima usingizi. Nitawasimulia kidogo huko mbele. Nilipomaliza kuitengeneza nilishindwa kulala, nikakumbuka picha niliyoiona kwenye taarifa ya habari mwaka 2015 nikiwa kidato cha nne: barabara kuu ya Uingereza imejaa malori hadi upeo wa macho, yamezimwa injini, madereva wamekaa kwenye nyasi. Mtangazaji alisema sababu ni mgomo wa Ufaransa. Nikajiuliza wakati ule, mgomo uko Ufaransa, mbona barabara iliyofungwa iko Uingereza? Sikupata jibu, mtihani ulikuwa unakaribia. Sasa nimelitafuta.

Tuanze na ramani. Kent ni kaunti iliyo kwenye kona ya kusini-mashariki ya Uingereza. Pale kuna mji wa Dover, na ng'ambo ya maji, umbali wa kama kilomita 33, iko Ufaransa na bandari yake ya Calais. Lori linaweza kuvuka kwa njia mbili. Ya kwanza ni feri kutoka Dover, saa moja na nusu hivi. Ya pili ni kupanda treni maalumu karibu na mji wa Folkestone na kupita katika handaki la reli lililochimbwa chini ya bahari, lenye urefu wa kama kilomita 50, lililofunguliwa mwaka 1994. Hiyo ni kama dakika 35. Njia zote mbili hulishwa na barabara ileile, M20. (Kuna nyingine, M2 na A2, lakini kubwa ya malori ni M20.)

Sasa fikiria Calais imefungwa. Feri zinakaa gatini. Malori hayajui, au yanajua lakini yalishatoka kiwandani Scotland jana usiku. Yanaendelea kuja. Dover ni mji mdogo uliobanwa kati ya majabali meupe na bahari, hauna pa kuyaweka. Kwa hiyo polisi wa Kent hapo zamani walibuni utaratibu: funga M20 upande wa kuelekea pwani, uigeuze kuwa maegesho. Malori ya feri hupangwa safu yake, ya handaki safu yake, na njia moja huachwa wazi kwa magari ya dharura. Magari mengine yote yatafute njia za vijijini. Utaratibu huo uliitwa Operation Stack.

Hapo ndipo mimi, kama mtu wa programu, nilipocheka. Neno hilo sisi tulifundishwa mwaka wa kwanza chuoni, na maana yake ni rundo. Mhadhiri wetu alitumia sahani: unazipanga moja juu ya nyingine, na ukitaka kuchukua, unachukua ya juu, yaani ya mwisho kuwekwa ndiyo ya kwanza kutoka. Foleni ni kinyume chake, aliyetangulia kufika ndiye anayetangulia kuondoka. Kama Operation Stack lingekuwa rundo kweli, dereva aliyefika saa hii angevuka kwanza, na yule wa juzi angebaki pale mpaka Krismasi! Kumbe ni foleni kabisa. Marubani nao hutumia neno hilohilo kwa ndege zinazozunguka juu ya uwanja zikisubiri kutua, na kwao pia iliyotangulia ndiyo hutua kwanza. Basi tuwasamehe polisi.

Lakini ukitaka jina sahihi zaidi, M20 pale si rundo wala foleni tu. Ni bafa. Unakumbuka video ikikwama katikati na kile kiduara kuzunguka? Bafa ni nafasi ya kuhifadhi vitu kwa muda, kati ya anayeleta na anayepokea, ili mmoja akichelewa mwingine asisimame. Kila mfumo unahitaji bafa mahali fulani. Swali ni iko wapi, na nani anailipia.

Hapa ndipo kisa changu cha kazini kinapoingia. Huduma moja ya malipo tuliyokuwa tunaitegemea ilipunguza kasi. Ujumbe wetu ukaanza kujipanga kwenye foleni, na foleni ikaandikwa kwenye diski. Diski hiyo tulishiriki na huduma nyingine ambayo haina uhusiano wowote na malipo. Ilipofika saa nane usiku diski ilijaa, na iliyokufa kwanza ni ile huduma jirani isiyo na hatia. Watu waliamka asubuhi wakilalamikia kitu ambacho hakikuwa na kosa. Mkazi wa Ashford, mji ulio kando ya M20, ndiye hiyo huduma jirani.

Haya, historia.

Operation Stack lilitumika kwa mara ya kwanza mwaka 1988, na mgomo haukuwa wa ugenini. Mabaharia wa feri za P&O pale pale Dover waligoma kupinga kupunguzwa kwa wafanyakazi na kuongezwa kwa zamu. Ulikuwa mwaka mmoja tu tangu feri Herald of Free Enterprise ipinduke nje ya Zeebrugge, Ubelgiji, Machi 1987, watu 193 wakafa. Kwa hiyo suala la uchovu wa mabaharia halikuwa porojo. Mgomo ulishindwa, chama chao kikazuiliwa mali yake mahakamani, wengi wakapoteza kazi. Utaratibu wa kupanga malori ukabaki.

Wakati huo M20 yenyewe ilikuwa na pengo. Sehemu kati ya Maidstone na Ashford ilifunguliwa mwaka 1991 tu, handaki likiwa linachimbwa. Ni sehemu hiyo hasa ambayo baadaye ilikuja kuwa maegesho maarufu.

Kisha ikaja zamu ya Ufaransa. Novemba 1996 madereva wa malori wa Ufaransa walifunga barabara za nchi yao kwa siku 12 wakidai, pamoja na mengine, kustaafu wakiwa na miaka 55. Walishinda. Madereva wa Uingereza walinaswa ndani ya Ufaransa, na walioko Kent hawakuweza kuvuka. Septemba 2000 ulikuwa mgomo wa bei ya mafuta. Aprili 2009 walikuwa wavuvi, wakizuia Calais, Boulogne na Dunkirk kwa sababu ya viwango vya samaki walivyopangiwa na Umoja wa Ulaya. Kila mara hadithi ni moja: mtu mwenye madai na Paris au Brussels anafunga mlango wa Calais, kwa kuwa ndio mlango ambao ukifungwa kelele husikika mbali.

Nataka tufanye hesabu kidogo kabla ya kufika 2015, maana bila hesabu mtu anaweza kudhani tatizo ni uzembe wa polisi. Mwaka huo bandari ya Dover ilipitisha malori kama milioni 2.5, na treni za handakini karibu milioni 1.5. Jumla milioni 4, kwenda na kurudi. Chukua nusu, gawa kwa siku 365. Unapata kama malori 5,500 kwa siku yanayoelekea Ufaransa. Trela ndefu inayoruhusiwa kule ni mita 16.5, ipe nafasi kidogo mbele, tuseme mita 20. Kilomita moja ya njia moja inabeba malori 50. Kwa hiyo malori ya siku moja tu yanahitaji kilomita 110 za njia moja, au 55 ukiyapanga safu mbili.

Kipande cha Maidstone hadi Ashford ni kama kilomita 20. Safu mbili, malori 2,000. Mlango ukifungwa kabisa, bafa inajaa kabla ya saa tisa kwisha!

Na kuna jambo la pili ambalo watu hulisahau. Mgomo wa siku moja hauleti foleni ya siku moja. Chukua mfano wa kubuni kwamba feri na treni kwa kawaida hutumia asilimia 90 ya uwezo wao. Mlango ukifunguliwa tena, malori mapya ya leo yanakula ile 90, na inabaki 10 tu ya kumaliza ya jana. Unahitaji siku tisa kurudi hali ya kawaida. Siku hizo tisa mgomo umeshasahaulika kwenye magazeti, lakini dereva bado yuko barabarani. Nasi tuliliona hilo kwa diski yetu: huduma ya malipo ilirudi saa kumi alfajiri, foleni ikaisha jioni.

Sasa 2015. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiko kwenye jibu la swali langu la kidato cha nne. Programu ikifa usiku, unasoma logi kutoka mwisho kurudi nyuma hadi upate mstari wa kwanza wenye kosa. Tufanye hivyo.

Mstari wa mwisho: Juni 23, 2015. Wafanyakazi wa feri za MyFerryLink wanaifunga bandari ya Calais na kuchoma matairi kwenye reli ya handaki. Feri zimesimama, treni zimesimama. M20 inafungwa. Wanarudia tena mwisho wa mwezi na mwezi wa Julai.

Kwa nini? Kwa sababu feri zao zinachukuliwa. Mkataba wa kuziendesha unaisha mwanzoni mwa Julai na hautarefushwa. Mbili kati ya meli zao tatu zinapewa DFDS, mshindani kutoka Denmark. Kazi za watu karibu 600 ziko hatarini.

Nani ameamua? Eurotunnel, kampuni inayoendesha handaki, ambayo ndiyo mwenye meli. Na kwa nini mwenye handaki awe na meli? Rudi nyuma hadi Januari 2012. Kampuni ya feri SeaFrance, mali ya shirika la reli la Ufaransa, ilivunjwa na mahakama baada ya kufilisika. Baadhi ya wafanyakazi wakaunda chama cha ushirika. Eurotunnel ikanunua meli tatu kwa euro milioni 65, ikawakodisha wanaushirika waziendeshe. Agosti 2012 wakaanza kuvusha watu na malori kati ya Calais na Dover, mabaharia wakiwa ndio wenye kampuni. Mimi napenda sana kipande hiki cha hadithi. Ni kama makanga na madereva wa matatu wa kampuni iliyofilisika waungane, wakodishiwe magari yaleyale na warudi barabarani.

Kisha London ikaingilia. Tume ya Ushindani ya Uingereza ilisema: mwenye handaki akiwa pia na feri, atashika zaidi ya nusu ya soko la kuvuka, na bei zitapanda. Mwaka 2013 ikaamuru feri hizo zisitumie Dover. Feri ya Calais isiyoruhusiwa Dover iende wapi? Kesi ikapanda na kushuka mahakamani. Hoja kubwa ilikuwa ya ajabu kidogo: je, Eurotunnel ilinunua biashara, au ilinunua vyuma tu? Meli zilikuwa zimekaa bure miezi zaidi ya saba kabla ya kuanza tena. Kama ni vyuma tu, tume haina mamlaka. Kama ni biashara ileile iliyoamshwa usingizini, inayo.

Mwanzoni mwa 2015 Eurotunnel iliposhindwa tena, ilichoka. Mwezi wa Mei Mahakama ya Rufaa ikageuza uamuzi, majaji wawili dhidi ya mmoja: vyuma tu, ushirika umeshinda! Lakini wakati huo Eurotunnel ilikuwa imeshaamua kujitoa, na ushirika wenyewe ulikuwa na ugomvi wa ndani ambao haukuwasaidia. Wiki chache baadaye meli zikaahidiwa DFDS. Yaani watu wameshinda kesi na wamepoteza kazi katika msimu mmoja. Juni 23, matairi yakawaka. Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Uingereza ikasema Mahakama ya Rufaa ilikosea, ilikuwa biashara, tume ilikuwa na haki. Wakati huo ilishakuwa ni mambo ya vitabu.

Basi ukisoma logi hadi juu, mgomo wa ugenini uliofunga barabara ya Kent unapitia kwenye amri iliyotolewa London. Sisemi London peke yake ina lawama. Reli ya Ufaransa iliiacha SeaFrance izame, na kuchoma matairi kwenye reli si jambo la kusifia. Lakini mtangazaji yule aliyesema tu ni mgomo wa Ufaransa alisoma mstari mmoja, wa mwisho.

Kiangazi kile kulikuwa na jambo jingine zito zaidi. Maelfu ya wakimbizi na wahamiaji, wakiwemo Wasudani na Waeritrea, walikuwa wakiishi kwenye mahema nje ya Calais. Malori yaliposimama upande wa Ufaransa, wengi walijaribu kupanda ndani, na usiku walijaribu kuingia handakini kwa miguu. Watu kadhaa walikufa mwaka ule. Foleni ya bidhaa na foleni ya binadamu zilikutana kwenye uzio mmoja.

Upande wa Kent, Operation Stack lilitumika siku 32 kiangazi hicho. Makadirio yaliyonukuliwa sana yalisema uchumi wa Uingereza ulikuwa ukipoteza pauni milioni 250 kwa siku. Sijui kama naamini namba kubwa na ya mviringo namna hiyo, lakini namba ndogo naziamini. Dereva ndani ya kibanda chenye joto, bila choo wala bomba la maji, mzigo wa samaki au matunda nyuma yake. Sheria za Ulaya zinamtaka apumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu, na kifaa kinachoitwa tachografu kinaandika kila anapotembeza gurudumu. Foleni ikisogea mita 200 saa tisa usiku, ni kazi hiyo, na mapumziko yake yanakatika. Serikali ililazimika kulegeza sheria kwa muda.

Wakazi nao walifungiwa nyumbani. Madereva wengine wa malori walifuata simu zao na ramani za magari madogo, ambazo hazijui urefu wa trela wala upana wa njia ya kijiji, wakakwama kwenye kona kati ya nyumba mbili. (Wenzangu watengenezaji ramani, hilo ni letu.)

Na tusidhani sisi hatumo. Sehemu ya maua ya Naivasha hutua Uholanzi, huuzwa kwenye mnada wa Aalsmeer, kisha husafirishwa kwa lori hadi Uingereza. Waridi halisubiri korti.

Baada ya hapo kila mtu alikubali kwamba bafa lazima ihamishwe kutoka barabarani. Kwanza uwanja wa ndege wa Manston, uliofungwa 2014, ukateuliwa kuwa maegesho ya dharura. Kisha serikali ikatenga pauni milioni 250 kujenga maegesho makubwa kando ya M20, karibu na kijiji cha Stanford. Wakazi wakaenda mahakamani kuhusu athari za mazingira, na Novemba 2017 mpango ukafutwa. Nawaelewa pande zote. Bafa ni kitu ambacho siku nyingi za mwaka kimekaa tupu, na hakuna anayependa kulipia uwanja mtupu, wala kuishi jirani na uwanja huo siku unapojaa.

Badala yake ikaja Operation Brock, mwaka 2019: upande mmoja wa M20 unapangwa malori, na magari mengine yanapita pande zote mbili kwenye upande wa pili. Siku hizi kuna mashine inayotembea barabarani ikihamisha vizuizi vya zege kama mtu anayefunga zipu. Wakajaribu hata programu: kuanzia Januari hadi Aprili 2021 dereva wa lori alitakiwa kujaza fomu kwenye wavuti na kupata kibali cha kuingia Kent, la sivyo faini pauni 300. Yaani kumzuia anayeleta kabla hajafika kwenye bafa. Kwa mtu wa foleni hilo ndilo wazo zuri kuliko yote, ingawa lilihusu karatasi za forodha baada ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya na si migomo.

Siku chache kabla ya hapo, Desemba 20, 2020, Ufaransa ilikuwa imefunga mpaka kwa saa 48 kwa hofu ya aina mpya ya korona. Manston ilijaa maelfu ya malori siku chache kabla ya Krismasi. Kalasinga wa Gravesend walipika chakula hekaluni kwao na kuwapelekea madereva, wakishirikiana na shirika la Khalsa Aid. Na Machi 2022, P&O walipofukuza mabaharia karibu 800 kwa siku moja, feri zao zikasimama na malori yakajipanga tena M20, karibu na Pasaka. Miaka 34 baada ya 1988, kampuni ileile, barabara ileile.

Mtauliza meli za ushirika ziliishia wapi. Wafanyakazi walizikalia bandarini Calais kiangazi kizima, wakaziachia Septemba 2015 baada ya makubaliano yaliyowapa baadhi yao kazi kwa DFDS. Rodin ikapakwa rangi upya na kuitwa Côte des Dunes, Berlioz ikaitwa Côte des Flandres. Mwaka 2016 zikarudi majini, kazi ileile, kati ya Calais na Dover.

Nikipata nafasi nitaandika kuhusu hiyo tachografu, kuna mambo ya kuchekesha ya jinsi madereva walivyokuwa wakiidanganya kwa sumaku. Kwa sasa diski yetu ina nafasi asilimia 60. Nimeangalia kabla ya kuchapisha hii.